Mwenye Mali na Mshika Mali: Ulinzi wa Mali Ilongero, Kutoka Zizi hadi Pochi ya Kifaa

Ilongero ni mji mdogo ulioko kaskazini mwa mji wa Singida, katika nchi ya Wanyaturu, na leo ndipo yalipo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Singida. Historia ya uchumi wa eneo hili huandikwa mara nyingi kwa kufuata aina za mali zilizopokezana nafasi, yaani ng'ombe na nafaka, kisha rupia, kisha shilingi, na hatimaye fedha inayotunzwa ndani ya simu. Mpangilio huo una manufaa yake, lakini huficha swali la msingi zaidi, ambalo ni nani aliyeishika mali na nani aliyekuwa na haki ya kuiamuru. Watu hawa wawili, mwenye mali na mshika mali, walitenganishwa katika nchi hii muda mrefu kabla ya benki ya kwanza kufunguliwa, na kila mara utaratibu wa kuwatenganisha ulipopangwa upya, ufanisi wake ulitegemea mambo mawili: kama haki ya kila mmoja ilibaki wazi, na kama waliozoea njia ya zamani walipewa daraja la kuvukia kuingia katika njia mpya. Kanuni hiyo inajidhihirisha katika zizi la Mnyaturu, katika sanduku la kikundi cha akiba, na hata katika programu za kompyuta zinazotumika leo kuamuru pochi za sarafu za kidijitali.

Msingi wa utajiri wa Wanyaturu ulikuwa uhusiano kati ya shamba na zizi. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani Harold Schneider, aliyeishi miongoni mwa Wanyaturu wa kundi la Wahi kuelekea mwaka 1960 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1970, alieleza namna samadi ilivyorutubisha mashamba ya uwele na mtama, na namna ziada ya nafaka ilivyogeuzwa kuwa mifugo kwa kubadilishana. Ng'ombe alitoa mbolea, mbolea ikazaa nafaka, na nafaka ya mwaka wa neema ikanunua ng'ombe mwingine, kwa hiyo mkulima asiyekuwa na mifugo alikuwa na shamba linalochoka mwaka hadi mwaka. Zaidi ya hayo, ng'ombe ndiye aliyetumika kulipa mahari, na kwa njia hiyo mali iliyoanzia shambani iliishia kuwa undugu kati ya koo mbili.

Mali ya namna hiyo ilikuwa na udhaifu mkubwa, nao ni kwamba ilikuwa hai na ilionekana na kila mtu. Katika miaka ya 1890 tauni ya ng'ombe, yaani sotoka, ilipita Afrika Mashariki na kuteketeza makundi mazima, na kabla yake na baada yake palikuwa na uvamizi, ukame na magonjwa ya kawaida. Jibu la wafugaji wa Tanzania ya kati, Wanyaturu wakiwamo, lilikuwa kutowaweka ng'ombe wote katika zizi moja. Mwenye ng'ombe wengi aliwagawa kwa marafiki, wakwe na ndugu walioishi mbali, ili ugonjwa ukiingia kijiji kimoja au wavamizi wakifika upande mmoja, sehemu ya mali ibaki salama upande mwingine.

Utaratibu huo ulikuwa na masharti yaliyofahamika kwa pande zote mbili. Mshikaji alikamua maziwa na kutumia samadi katika shamba lake, na hayo ndiyo yaliyokuwa malipo ya kazi yake ya kuchunga. Ndama waliozaliwa walikuwa mali ya mwenye ng'ombe, ingawa kwa hisani mshikaji aliyetunza vizuri aliweza kupewa mmoja baada ya miaka kadhaa. Hakuruhusiwa kuuza wala kuchinja bila idhini, na ng'ombe akifa alitakiwa kupeleka habari mapema pamoja na ushahidi, kwa kawaida ngozi au sehemu ya nyama, ili isidhaniwe kuwa amemgeuza mali yake. Hapakuwa na maandishi, kwa kuwa kumbukumbu ya makabidhiano ilikaa katika vichwa vya mashahidi, na mwenye mali alipofariki, mashahidi hao ndio waliowaeleza warithi ng'ombe wangapi walikuwa wapi na kwa nani. Aliyepita njiani akahesabu ng'ombe katika zizi hakuweza kujua utajiri wa mwenye zizi, kwa sababu baadhi ya aliowaona walikuwa wa watu wengine, na baadhi ya wale wa mwenyeji walikuwa wakilala mbali. Katika utaratibu huo usiri na ushahidi vilikwenda pamoja, kwani mgeni hakujua kitu ilhali waliohusika walijua kila kitu.

Utawala wa Wajerumani ulileta mali ya aina nyingine kupitia kodi ya nyumba, iliyotangazwa mwaka 1897 na kudai hatua kwa hatua malipo ya fedha taslimu. Fedha hiyo yenyewe haikutulia. Rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani iligawanywa kwanza katika pesa 64, kisha mwaka 1904 ikapangwa upya na kugawanywa katika heller 100, jambo lililorahisisha hesabu za wenye vitabu lakini likamlazimu kila mwuza nafaka kujifunza upya thamani ya sarafu ndogo mkononi mwake. Vita Kuu ya Kwanza ilipokata njia za bahari, watawala walichapisha noti za dharura, na mwaka 1916 karakana ya reli mjini Tabora ikafua sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Wajerumani waliposhindwa, noti za dharura zikapoteza thamani. Waingereza walianzisha Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki mwishoni mwa mwaka 1919, wakaleta florini mwaka 1920, na muda mfupi baadaye wakaiondoa na kuweka shilingi. Ndani ya kizazi kimoja mtu wa nchi ya Singida alikuwa ameshuhudia mipango minne ya fedha, na katika baadhi ya mabadiliko hayo aliyekuwa amejiwekea akiba ya karatasi alipoteza jasho lake bila kosa lolote. Kuendelea kwa Wanyaturu kuweka akiba katika ng'ombe baada ya miaka hiyo kuliitwa na baadhi ya maofisa wa kikoloni mapenzi ya mila, lakini kwa ushahidi waliokuwa nao wananchi ulikuwa uamuzi wa busara.

Uhuru ulileta taasisi zenye nia njema zaidi, ingawa zilikuwa mbali. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa mwezi Juni mwaka 1966 na shilingi ya Tanzania ikaanza kutumika mwaka huohuo, kisha baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 mabenki yakataifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Kwa mkazi wa Ilongero kushika fedha benki kulimaanisha safari ya kwenda Singida mjini akiwa na kitabu cha akiba, ambacho kilikuwa daftari dogo lililogongwa mhuri kila fedha ilipoingia au kutoka. Kitabu hicho kilitenganisha mwenye mali na mshika mali kama ilivyokuwa katika zizi la rafiki, isipokuwa shahidi sasa alikuwa mwandiko wa karani, na asiyejua kusoma alilazimika kumwamini mtu mwingine amsomee hesabu yake mwenyewe.

Katika kipindi hicho ulitokea upangaji upya mmoja unaostahili kutazamwa kwa makini. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi zao zikagawanywa kati ya mamlaka za mazao na vijiji vilivyosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 1975. Sababu zilizotolewa, zikiwamo uendeshaji mbovu na gharama kubwa, hazikuwa za kubuni, lakini mkulima aliyezoea kudai haki yake kupitia chama alikuta mlango aliouzoea umefungwa kabla hajaoneshwa mwingine. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika, lakini kipindi kile kiliacha somo kwamba utaratibu wa zamani, hata ukiwa na kasoro, una watu ndani yake wanaojua wapi pa kubisha hodi, na ujuzi huo nao ni mali inayoweza kupotea.

Jibu lililokaribia zaidi desturi ya kale lilikuja kupitia vikundi vya akiba na mikopo vijijini, maarufu kwa jina la VICOBA. Mfano wake ulianzishwa na shirika la CARE katika eneo la Maradi nchini Niger mwaka 1991, ukaletwa Tanzania karibu na mwaka 2000, na kuenea katika mikoa mingi, Singida ikiwamo. Wanakikundi hununua hisa kila wanapokutana, hukopeshana kutokana na hisa hizo, huchangia mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na maradhi, na mwisho wa mzunguko, ambao mara nyingi ni mwaka mmoja, hugawana kilichopatikana.

Kiini cha ulinzi wa kikundi ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Sanduku hulala nyumbani kwa mtunzaji mmoja, lakini funguo tatu hushikwa na wanachama wengine watatu wanaoishi nyumba tofauti, kwa hiyo mwenye sanduku hana ufunguo na wenye funguo hawana sanduku. Siku ya mkutano washika funguo hufungua mmoja baada ya mwingine mbele ya macho ya wote, fedha huhesabiwa kwa sauti, na kabla ya kufunga kiasi kilichobaki hutajwa ili wanachama wakihifadhi kichwani, kisha mkutano unaofuata huanza kwa kuulizana kiasi hicho kabla sanduku halijafunguliwa. Asiyejua kusoma ana nguvu sawa na mwenye daftari, kwa kuwa kumbukumbu yake inahesabika kuwa ushahidi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilivitambua vikundi hivi na kuviweka katika daraja la nne la watoa huduma, na hivyo dola ikakubali rasmi aina ya ulinzi ambayo wananchi walikuwa wameshaipokea na kuimudu.

Wakati vikundi hivyo vikienea, simu ya mkononi ilikuwa inaleta mageuzi mengine. M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwezi Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008 kupitia Vodacom, na kampuni nyingine za simu zikafuata kwa huduma zao. Mtumiaji hupiga namba maalumu, kama vile *150*00#, na mtandao humjibu kwa orodha ya maandishi ambamo huchagua kwa tarakimu: moja kutuma, nyingine kutoa, nyingine kulipia umeme au maji, na mwisho namba ya siri ya kuthibitisha. Kwa maana ya kitaalamu huu ni utaratibu wa kuiamuru mashine kwa maandishi mafupi yenye mpangilio, na mamilioni ya Watanzania, wakiwamo wauza alizeti na vitunguu wa Singida ambao hawajawahi kugusa kompyuta, wameuzoea kiasi kwamba vidole vinajua njia bila macho kusoma. Fedha yenyewe hukaa katika akaunti za amana benki, kampuni huweka daftari, wakala hutoa na kupokea noti, na mwenye mali ana kitu kimoja tu, yaani namba ya siri inayompa haki ya kuamuru. Kampuni inapobadilisha mpangilio wa orodha hiyo, aliyezoea tarakimu fulani kwa kazi fulani huweza kujikuta mahali asipopakusudia, na kwa mtu anayetuma ada ya mtoto jambo hilo si dogo.

Mwaka 2009 mtandao wa bitikoini, sarafu ya kidijitali, ulianza kufanya kazi, ukiwa umeelezwa katika andiko lililotolewa mwezi Oktoba 2008 kwa jina la Satoshi Nakamoto. Sarafu za aina hii hazikai benki wala hazina mtunzaji mmoja, kwa kuwa daftari lake hunakiliwa katika kompyuta nyingi duniani, na haki ya kuhamisha kiasi fulani ni ya yeyote mwenye ufunguo wa siri, yaani namba ndefu mno inayotumika kutia saini ya kihesabu. Ufunguo ukikaa katika kompyuta ya kawaida unaweza kuibwa na programu hasidi, na kwa sababu hiyo kukabuniwa pochi ya kifaa, ambayo ni chombo kidogo kinachotunza ufunguo ndani yake bila kuutoa nje. Kompyuta hukipelekea chombo pendekezo la malipo, mwenye mali hulisoma katika kioo chake kidogo na kubonyeza kukubali, na kinachorudi katika kompyuta ni saini peke yake. Pochi ya Trezor, iliyotengenezwa na kampuni ya SatoshiLabs ya mjini Prague, ilianza kuwafikia wateja mwaka 2014. Kifaa kikipotea, mali hurejeshwa kwa maneno 12 au 24 yaliyoandikwa pembeni, yaliyochaguliwa na mashine kutoka orodha ya maneno 2048 iliyowekwa katika kanuni ya mwaka 2013 inayoitwa BIP39.

Pochi ya Trezor ina programu inayoitwa trezorctl, ambayo huendeshwa kwa kuandika amri katika mstari badala ya kubonyeza picha. Programu hiyo ilikua kwa kuongezewa amri moja baada ya nyingine, na kila sarafu mpya ilipoingia ilikuja na amri zake zenye majina marefu, mpaka orodha ikawa ndefu isiyo na mgawanyo. Kuanzia toleo la 0.11.5 la mwaka 2019 waandishi wake walianza kuipanga upya: amri ndefu kama binance-sign-tx, inayoagiza kutia saini muamala wa mtandao wa Binance, iligawanywa kuwa kundi binance lenye amri ndogo sign-tx ndani yake, na amri za sarafu nyingine zikapangwa kwa namna hiyohiyo. Hata hivyo jina la zamani liliendelea kujibiwa. Mtu akiandika amri kwa umbo la kale, programu huitafuta kwanza kama ilivyo, na isipoipata hutafuta kundi lenye mwanzo wa jina hilo na amri ndogo yenye mwisho wake, kisha huitekeleza. Tatizo la pili lilitoka nje ya mikono yao, kwani Click, maktaba ya programu iliyotumika kujengea trezorctl, katika toleo lake la 7.0 iligeuza kimyakimya majina yenye mstari wa chini kuwa majina yenye kistari, na waandishi wa trezorctl wakaongeza utaratibu wa kupokea maumbo yote mawili.

Jambo hilo linaweza kuonekana la mafundi peke yao, lakini uzito wake uko palepale ulipokuwa uzito wa kuvunjwa kwa ushirika na kubadilishwa kwa sarafu. Amri ya pochi ni njia ya mwenye mali kuifikia mali yake. Watu huandika amri hizo katika programu zao ndogo zinazojiendesha, huziweka katika kumbukumbu za nyumbani na huwafundisha wenzao, na siku amri isipojibu mali haijaibwa, lakini mwenyewe amesimama nje ya mlango wake. Waliopanga upya trezorctl walitambua kwamba usafi wa mpangilio ni haki ya watakaokuja, na kuendelea kujibiwa ni haki ya waliotangulia, na wakatimiza haki zote mbili kwa gharama ya kazi ya ziada iliyowaangukia wao wenyewe badala ya kumwangukia mtumiaji. Huo ni uungwana katika kazi, na unastahili kusifiwa.

Nchini Tanzania msimamo wa mamlaka kuhusu sarafu hizi umebadilika hatua kwa hatua. Mwezi Novemba 2019 Benki Kuu iliutangazia umma kwamba sarafu za kidijitali si fedha halali nchini. Mwezi Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akizungumza mjini Mwanza, aliitaka Benki Kuu ijiandae kwa maendeleo ya teknolojia hiyo, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 katika malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kutozwa kodi si sawa na kuhalalishwa kuwa fedha, lakini ni dalili kwamba mali hiyo ipo mikononi mwa wananchi na kwamba swali la ulinzi wake ni la hapa nyumbani pia.

Historia ya Ilongero inaonesha pengo moja kubwa katika ulinzi huo mpya, nalo ni shahidi. Ng'ombe aliyewekwa kwa rafiki alijulikana na watu walioweza kumweleza mrithi, fedha ya kikundi hujulikana na wanachama wote, na hata fedha ya simu hufuatiliwa na warithi kwa kampuni wakiwa na nyaraka za mirathi. Pochi ya kifaa haina wa kuulizwa, na mtu akifariki bila kumwambia yeyote yaliko maneno yake 24, mali hubaki katika daftari la dunia ikionekana na wote bila wa kuigusa. Mwaka 2019 SatoshiLabs ilileta njia ya kugawa siri katika sehemu kadhaa, ikitumia hesabu iliyobuniwa na Adi Shamir mwaka 1979, ambapo mtu huweza kutengeneza sehemu tatu na kuagiza kwamba zozote mbili zikikutana zitoshe kurejesha ufunguo. Wanakikundi waliozoea sanduku la kufuli tatu hawahitaji kufundishwa maana ya jambo hilo, kwa kuwa wamekuwa wakilitenda kila wanapokutana. Njia ya Shamir inaongeza kwamba mmoja akisafiri au akifa shughuli haisimami, wakati sanduku huwangoja washika funguo wote watatu.

Kuna kasoro nyingine ambayo Waswahili wenyewe wanaweza kuiondoa. Kanuni ya BIP39 ina orodha za maneno za Kiingereza, Kijapani, Kikorea, Kihispania, Kichina, Kifaransa, Kiitaliano, Kicheki na Kireno, lakini haina orodha ya Kiswahili. Mtunza mali wa Ilongero anayetaka kuhifadhi maneno yake kichwani, kama bibi yake alivyohifadhi idadi ya ng'ombe na kama jirani yake anavyohifadhi salio la kikundi, analazimika kukariri maneno asiyoyasema wala kuyaota. Kutunga orodha ya maneno 2048 ya Kiswahili yasiyofanana, yaliyo mafupi na yanayojulikana toka Lamu hadi Singida, ni kazi inayohitaji wanaleksikografia na wanahisabati kukaa meza moja, na nchi yenye vyuo vikuu na baraza la lugha la taifa haikosi watu wa namna hiyo. Kukubaliwa kwa orodha hiyo katika kanuni na katika pochi zenyewe kutahitaji ushawishi wa muda mrefu, lakini ushawishi hauna pa kuanzia kabla orodha yenyewe haijatungwa, na kila mwaka unaopita unaongeza idadi ya wanaoikabidhi mali yao kwa maneno wasiyoyamiliki.